Mkate uliokataa kuumuka: tuwaambie nini wapishi wetu wa mitandaoni?



Katika Ramadhani iliyopita, sisi tunaouandaa ukurasa huu tulikubaliana kufuturu pamoja siku moja, kila mmoja aje na chakula alichokipika kwa mkono wake. Mmoja wetu alichagua mkate wa kumimina, ule ambao ndugu zetu wa Mombasa huuita mkate wa sinia. Mama yake, aliyekuwa akiupika bila kutazama saa wala kipimo, alikwisha kutangulia mbele ya haki, na mwenzetu huyu hakuwahi kukaa naye jikoni akamuuliza. Basi akafanya wanavyofanya wengi siku hizi. Alifungua simu, akaandika jina la mkate huo katika YouTube, akachagua video iliyotazamwa na watu wengi kuliko nyingine zote, na akaifuata hatua kwa hatua.

Mchele aliuroweka usiku kucha. Nazi mbili alizikuna na kuzikamua, hiliki akazitwanga, hamira akainunua mpya siku ile ile. Ilipoadhiniwa Magharibi sinia lilikuwa mezani, lakini kilichokuwamo hakikuwa mkate. Kilikuwa kitu bapa, kizito, kilichoiva kingo na kubaki kibichi katikati. Tulikula tende na uji, tukamwambia haidhuru, naye akacheka pamoja nasi. Baadaye, wakati wa kuosha vyombo, alitwambia kwamba hakuwa akitafuta mkate tu. Alikuwa akitafuta ule wa mama yake, na alidhani ameupata.

Usiku ule tuliitazama tena video ile kwa pamoja, safari hii kwa kalamu na karatasi. Tuliyoyaona ndiyo yaliyotufanya tuandike makala haya, kwa sababu tunaamini hayakutupata sisi peke yetu.

Mpishi alikuwa mama wa makamo kutoka mji mmoja wa pwani. Uso wake hauonekani, ila mikono yake tu, mikono ya mtu ambaye amepika mkate huo mara elfu. Hakuna hata chembe ya ubabaishaji katika kazi yake. Lakini alipofika mahali pa kuchanganya tui na hamira, kasida iliyowekwa nyuma ya maneno yake ilipanda juu na pangaboi likavuma, na sentensi nzima ikamezwa. Tulichokiona ni sufuria ikitolewa jikoni na tui likimiminwa. Mwenzetu alifanya kama alivyoona. Alitoa sufuria motoni, tui likiwa bado linafuka moshi, akalimimina juu ya hamira.

Hamira ni kiumbe hai. Maji au tui la uvuguvugu, kiasi cha nyuzi 40 hivi za Selsiasi, huiamsha. Joto likifika nyuzi 60, hufa, na ikishakufa hakuna kusubiri kutakakoifufua. Tuliirudia sehemu ile mara nne, sikio limebandikwa kwenye simu, ndipo tukalisikia neno alilolisema yule mama: vuguvugu. Alikuwa amelisema, ila hakuna aliyelisikia.

Tukashuka chini kusoma maoni ya watazamaji. Yalikuwa mamia. Mashaallah. Allah akubariki. Mate yananidondoka. Mioyo myekundu, maua, mikono iliyofumbatwa. Katikati ya sifa hizo kulikuwa na mtu aliyeandika kwamba mpishi huyu ni mwongo, na mwingine aliyeona afadhali kuzungumzia sufuria yake kuukuu. Mbali sana, chini kabisa, mtu mmoja alikuwa ameuliza: “Mama, mchele umeupima mkavu au uliokwisha kurowekwa?” Swali hilo lilikuwa limekaa hapo zaidi ya mwaka mzima bila jibu. Nalo ni swali la maana kubwa, kwani mchele uliorowekwa usiku kucha umekunywa maji na kujaa. Vikombe viwili vilivyopimwa mkavu haviwi viwili tena asubuhi. Video ilianza mchele ukiwa tayari bakulini.

Hapo ndipo tulipoona uzito wa jambo hili. Mamia ya watu walipita mahali pale. Bila shaka wako wengi ambao mkate wao ulikataa kuumuka kama wetu. Wakaumwaga, wakajilaumu wenyewe, au wakamlaumu mpishi kimoyomoyo, kisha wakaenda zao. Waliobaki kuandika ni wale ambao hawajapika. Anayesema mate yanamdondoka bado hajaroweka mchele.

Tuseme kweli, hata sisi hatukuanza vizuri. Barua ya kwanza tuliyoiandika usiku ule ilikuwa na hasira ya nazi mbili na sukari iliyopotea, na ilikuwa na neno “umetupotosha”. Mkubwa wetu aliisoma akasema, “Mngemwambia hivi mama huyu akiwa amekaa hapa kwenye mkeka?” Tukaifuta. Asubuhi tukaandika nyingine:

“Assalaam alaykum mama yetu. Tumeupika mkate wako jana, haukuumuka. Tulitumia hamira ya chenga, kijiko kimoja cha chai, na tui lililotoka motoni. Kwenye dakika ya nne maneno yako hayasikiki kwa sababu ya kasida; baadaye tumetambua kuwa ulisema tui liwe vuguvugu. Tunaomba uliandike hapa chini, na utueleze pia kama mchele umepimwa kabla ya kurowekwa au baada. Allah akulipe kwa kutufundisha.”

Siku ya tatu jibu likaja. “Wa alaykum salaam wanangu. Nisameheni. Mchele nilipima baada ya kuroweka. Tui vuguvugu, si la moto. Sikujua kama sauti haisikiki, mimi husikiliza kwenye simu yangu na maneno nayajua.”

Ndugu msomaji, zingatia kauli hiyo ya mwisho. Maneno anayajua. Mtu anayejua atakalolisema hulisikia hata lisiposikika, na mpishi ambaye mikono yake inajua kiasi cha tui haoni kwamba hakukitaja. Hilo ni pazia lililo mbele ya kila mwalimu wa kila fani, wala si kosa la uvivu. Pazia hilo huondolewa na mwanafunzi anayesema: hapa sikuelewa.

Zamani mwanafunzi huyo alikuwa amesimama ubavuni. Binti aliyejifunza kupika kwa bibi yake alipata marekebisho papo hapo: mwiko ulinyang'anywa, moto ulipunguzwa, mkono uligongwa kidogo, na “kiasi” kilikuwa na maana kwa sababu macho mawili yalikuwa yakikitazama kiasi hicho hicho. Lakini mwalimu anapokuwa Tanga na mwanafunzi Maskati, au mwalimu Unguja na mwanafunzi katika ghorofa moja huko Toronto, neno “kiasi” halina tena pa kusimama. Video inasafiri peke yake, bila macho ya bibi.

Tuangalie kikombe. Hakuna neno linalopotosha zaidi katika mapishi ya Kiswahili ya mitandaoni. Mpishi husema vikombe vitatu vya unga, na anachokishika ni kile kikombe kikubwa cha bati au cha udongo kilichopo kabatini kwake. Mtazamaji ana kikombe kidogo cha kahawa, au bilauri. Aliye Marekani ana kikombe cha kupimia cha huko, takriban mililita 237. Vikombe vya kupimia vinavyouzwa kwingineko aghalabu ni vya mililita 250. Hata vijiko havikubaliani: kijiko cha chakula katika nchi nyingi ni mililita 15, Australia ni 20. Na hata kikombe kikiwa kimoja, mkono hubadilisha mambo. Unga uliochotwa kwa kijiko na kumiminwa polepole ndani ya kikombe huweza kuwa gramu 120, na ule uliochotwa kwa kukizamisha kikombe gunani ukazidi 150. Tofauti hiyo inatosha kulifanya donge la mahamri kuwa gumu kama kandambili.

Wazee wetu hawakukosa vipimo. Walikuwa na kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na kila duka lilijua. Muhammad bin Hasan al-Baghdadi, aliyeandika kitabu chake cha mapishi, Kitab al-Tabikh, huko Baghdad mwaka 1226 miladia, alitaja nyama kwa ratili na viungo kwa dirhamu. Kule Boston mwanamke aitwaye Fannie Farmer alichapisha kitabu mwaka 1896 akisisitiza kwamba kikombe na kijiko vijazwe na kusawazishwa juu, pasiwe na kilima, na kitabu hicho kikawazoesha wapishi wa Marekani kupima namna hiyo. Kwa hiyo anayedai kwamba kupima ni mambo ya kigeni yasiyofaa kwa chakula chetu, tunamwomba afikiri tena. Mizani ndogo ya jikoni ni rahisi kuliko sinia jipya, na mpishi mwenye mizani akisema gramu 500 za mchele mkavu, anaeleweka Lamu na anaeleweka Leicester.

Mwezi wa Ramadhani jambo hili huwa zito zaidi, kwa sababu mpishi aliyefunga aghalabu haonji. Mwezi mwingine wowote ulimi humwokoa. Chumvi ikipungua ataongeza. Saa kumi na moja ya jioni, akiwa na saumu yake na wageni njiani, hana ila kipimo alichopewa.

Majina ya viungo nayo yana fitina yake. Tumesoma mabishano marefu chini ya video ya pilau kwa sababu mpishi alisema “binzari”. Kuna waliotia manjano, kuna waliotia unga wa mchuzi, ilhali mwenyewe alikusudia binzari nyembamba, ambayo Unguja huitwa uzile. Majani anayoyaita mmoja kotmiri, mwingine huyaita giligilani, na wa Nairobi dania. Dawa yake ni nyepesi: mpishi akisogeze kiungo karibu na kamera, akitaje kwa majina mawili au matatu. Lakini hatafanya hivyo mpaka aambiwe kwamba kuna watu hawakumwelewa.

Hali ya hewa pia husahaulika. Dada mmoja anayeishi Lushoto alitusimulia kwamba kwa miaka miwili aliamini hana mkono wa kupika vitumbua, maana kila video ilisema uji wa mchele uachwe saa moja uumuke, na wake ulikuwa ukilala tu. Video zote zilipigwa Dar es Salaam au Zanzibar, ambako joto la chumba peke yake linatosha. Lushoto mwezi wa Julai saa moja si kitu. Siku moja akaandika chini ya video: mimi niko milimani, kuna baridi, nifanye nini? Mpishi akamjibu asitazame saa bali autazame uji wenyewe, mpaka uvimbe na kutoa mapovu juu. Jibu hilo la mstari mmoja lina manufaa kuliko nusu ya video yenyewe. Kwa ufahamu wetu mdogo, linapaswa kuwa ndani ya kila video ya kitu kinachoumuka: elezeni dalili, na si muda peke yake.

Je, mpishi huyaonaje maoni yasiyoandikwa? Hili wengi hawalijui. YouTube humwonyesha mwenye video mchoro wa mstari unaopanda na kushuka, kueleza ni sekunde gani watu wameondoka na ni sekunde gani wamerudi kutazama tena. Mstari ukiporomoka mwanzoni, aghalabu ni kwa sababu ya salamu na shukrani za dakika tatu. Tukumbuke mtazamaji analipia bando, na kila dakika ya maneno ni fedha yake. Mstari ukipanda ghafla katikati, wengine hufurahi wakidhani hapo ndipo pazuri zaidi. Huenda ikawa hivyo. Lakini katika mapishi, watu huweza kurudi nyuma kwa sababu hawakusikia. Yule mama wa mkate, tulipozungumza naye kwa simu baadaye, alitwambia kwamba mstari wake ulikuwa na kilima kirefu hapo hapo kwenye dakika ya nne. Alikuwa akikitazama kilima kile kwa fahari.

Kitufe cha kidole kinachoelekea chini hakina msaada mkubwa. Tangu Novemba 2021 idadi yake haionekani kwa watazamaji, mwenye video pekee ndiye anayeiona, na hata akiiona haimwambii kitu. Je, aliyekibonyeza alichukizwa na chumvi, na sauti, au na mpishi mwenyewe?

Katika mazungumzo yale ya simu tulimuuliza mama huyo iwapo maoni ya watu yamewahi kumsaidia. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema kwamba yeye ni mjane, alianza kurekodi ili mikate anayoiuza ijulikane, na mwanawe wa kidato cha tatu ndiye anayemshikia simu na kumwekea kasida. Maoni yote mwanawe huyo ndiye anayemsomea, kwa sababu maandishi ni madogo na macho yake hayana nguvu. “Sasa mtoto akifika pale wanaponitukana, anaruka,” akasema. “Mimi najua ameruka, kwa sababu sauti yake hubadilika.” Mara mbili alikusudia kuacha. Na kwa kuwa mtoto aliogopa kukutana na matusi, aliacha kushuka chini kabisa, na ndiyo maana lile swali la mchele lilikaa mwaka mzima bila kujibiwa.

Tuliposikia hayo tuliikumbuka ile barua yetu ya kwanza tuliyoifuta, na tukaona haya.

Basi tunawaomba wasomaji wetu, hasa mlio hodari wa kutazama na wavivu wa kuandika: mkishapika, rudini. Semeni mlichotumia, mlichobadilisha, na kilichotokea. Mlichobadilisha ni muhimu mno, kwani tumemwona aliyeondoa mayai, akapunguza sukari, akatia unga wa dona badala ya ngano, kisha akaandika kwamba mapishi haya ni ya uongo. Andikeni dakika na sekunde, kwa mfano 4:10; YouTube huigeuza namba hiyo kuwa njia ya kumpeleka msomaji hapo hapo. Kama mmefanikiwa pia semeni, lakini msiishie kwenye Mashaallah. Semeni sinia lenu lina upana gani na mliuacha motoni kwa muda gani, na kama mlitumia oveni au mlipalia makaa juu na chini, ili mwenye jiko kama lenu apate pa kuanzia.

Yako mambo yanayotuhusu sisi Waislamu ambayo hakuna atakayeyauliza kama sisi hatukuyauliza. Jelatini inayotiwa katika vitamutamu hutengenezwa kwa ngozi na mifupa ya wanyama, nguruwe akiwamo. Kiini cha vanila kinachouzwa Marekani kwa jina hilo ni lazima kwa sheria ya huko kiwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35. Mpishi wa Kiislamu akinakili keki kutoka video ya kigeni bila kutaja mbadala, mkumbusheni kwa upole. Wengi hawajui, na wakiambiwa hushukuru.

Kwa upande wa wapishi, kuna kikwazo kimoja ambacho watazamaji wanapaswa kukielewa. Video ikishawekwa YouTube haiwezekani kuibadilisha kwa nyingine chini ya anwani ile ile. Mwenyewe anaweza kukata kipande, lakini hawezi kuingiza kipya. Ndiyo maana masahihisho hukaa katika maelezo yaliyo chini ya video, au katika oni moja lililobandikwa juu ya mengine yote. Someni hapo kabla ya kuvunja yai. Nanyi wapishi, maelezo hayo msiyajaze shukrani na namba za simu tu. Andikeni vipimo, na mkiorodhesha nyakati za kila hatua kuanzia 0:00, zisizopungua tatu, video itagawanyika sehemu sehemu, na mwenye mikono iliyojaa unga ataweza kurudi kwenye hatua anayoitaka bila kuihangaisha simu nzima.

Mama yetu alifanya yote mawili. Kwanza alibandika juu maneno mawili ya tui na mchele. Kisha, baada ya Idi, alirekodi upya. Kasida ameiweka mwanzoni na mwishoni, katikati hakuna ila sauti yake na mlio wa mwiko; pangaboi amelizima, na unaona jasho kwenye kifundo cha mkono wake. Anaonyesha kikombe chake na kusema kinachukua mililita ngapi. Anapofika kwenye tui, anatumbukiza kidole kidogo, anahesabu mpaka kumi, anakitoa. “Kikivumilia, hamira nayo itavumilia,” anasema. Mwanzoni kabisa amemshukuru aliyeuliza kuhusu mchele, kwa jina lile lile alilolitumia mtandaoni, mwaka mmoja na zaidi baada ya swali lake.

Mwenzetu aliupika tena Ijumaa moja, hapo hapo kwetu, sote tukiwa tumelizunguka jiko. Uliumuka mpaka ukagusa mfuniko. Alikata kipande, akatafuna polepole, akakaa kimya, na hakuna aliyemuuliza kama ndio ule wa mama yake. Baadaye kidogo akasema sukari imezidi.

Tumemwandikia.